Siku Aliyoihesabu Kuwa Imepotea: Kisa cha Fundi Aliyeitiwa Umeneja Miradi

"Kaka, bosi anataka niwe meneja mradi. Nimepewa wiki mbili za kujibu. Nihame au nibaki?"

Ujumbe ulikuwa huo tu. Aliyeuandika ni dada mmoja, fundi wa mitandao ya kompyuta, mwenye shahada na miaka 9 kazini. Tulifahamiana zamani kwenye mradi mmoja ambao sote wawili tusingependa kuukumbuka. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asitambulike, ila mwendo wa kisa nimeuacha kama ulivyokuwa, maana kila wiki kuna mtu mahali fulani anayeulizwa swali hilihili na kupewa muda uleule mfupi wa kujibu.

Ilivyoanza

Taasisi yake ilikuwa inahamisha chumba cha seva kutoka jengo moja kwenda jingine. Kazi ilipangiwa wiki 11. Wiki ya 4 meneja mradi aliyeteuliwa akaacha kazi, na hakuna aliyewekwa mahali pake. Hakukuwa na barua wala kikao cha kukabidhiana. Watu walianza tu kumpigia yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa na orodha.

Orodha yenyewe ilikuwa karatasi ya Excel aliyojitengenezea ili asisahau kebo ipi inatoka wapi na inaishia wapi. Taratibu ikaongezeka safu: nani anafanya, lini, anamsubiri nani. Kufikia wiki ya 6 mkuu wa fedha alikuwa anaomba nakala yake kila Ijumaa. Seva zilihamia wiki ya 14, wiki 3 nyuma ya ratiba, na hakuna data iliyopotea. Bosi akamwita, akamwambia, "Wewe ni meneja mradi, ni vile tu hujijui."

Sentensi hiyo ni sifa, na ni mtego pia. Bosi alikuwa na miradi mitatu isiyo na mwenyewe, na mbele yake amekaa mtu aliyeubeba wa nne bila nyongeza yoyote. Hata mimi ningemsifu.

Sababu zake za kutaka kuhama alinipa zikiwa zimepangwa vizuri, kifundi. Amechoka na zamu za dharura za usiku. Mishahara ya mameneja ina nafasi ya kupanda kuliko ya mafundi. Watu wanamwambia ana kipaji cha kupanga mambo. Na tayari alikuwa amejiandikisha kozi ya saa 35 ya kujiandaa na mtihani wa PMP, cheti cha mameneja miradi.

Zisome tena hizo sababu. Hakuna hata moja inayoitaja kazi anayoiendea. Ya kwanza inaikimbia kazi ya sasa, ya pili ni pesa, ya tatu ni maneno ya watu, na ya nne ni hatua iliyochukuliwa kabla ya uamuzi. Sisemi ni sababu mbaya. Mimi niliingia huku kwa sababu dhaifu kuliko zote hizo: cheo kilitolewa siku ambayo aliyestahili alikuwa likizo. Ila kuhusu zamu za usiku nilimwambia palepale, asije akadhani anakwenda kulala. Meneja mradi hapigiwi simu saa nane za usiku; anaamka mwenyewe.

Siku mbili

Swali lake sikulijibu. Nilimwomba anisimulie siku mbili za ule uhamisho wa seva: siku aliyorudi nyumbani amefurahi kuliko zote, na siku aliyorudi amechukia kuliko zote.

Ya furaha hakuhitaji kuifikiria. Ilikuwa usiku wa kuwasha mitambo. "Swichi ya mwisho ilipowaka taa za kijani, nilikaa chini sakafuni nikazitazama tu." Niliposikia hivyo nikasita. Hiyo ni furaha ya fundi: kitu kilikuwa hakifanyi kazi, sasa kinafanya, na mikono iliyokifanya ni yako. Meneja mradi mara nyingi hayumo hata chumbani taa zinapowaka. Yuko kwenye korido anamweleza mtu kwa nini zimechelewa.

Siku ya machukio ilikuwa ya wiki ya 8. Mtambo wa umeme wa akiba ulikuwa haujafika, na kila aliyeulizwa alisema uko njiani. Asubuhi akaamua kuifuatilia hiyo njia. Akampigia mkandarasi wa umeme, akaambiwa mzigo uko ghalani siku ya 9 sasa, unasubiri malipo ya awali. Akaenda idara ya fedha, wakamwonyesha kwenye kompyuta kwamba hati ya malipo imeshaandaliwa, inasubiri sahihi tu. Akaenda kwa mwenye sahihi, naye akaapa hajawahi kuiona. Kumbe hati ilikuwa imebanwa ndani ya faili la mradi mwingine, na faili hilo lilikuwa limewekwa kabatini kwa sababu mradi huo mwingine umesimamishwa. Ikatafutwa, ikapatikana, ikasainiwa saa 10 jioni. Baada ya siku 2 mtambo ulikuwa mlangoni.

Akamalizia hivi: "Yaani siku nzima nimeipoteza. Sijagusa kifaa hata kimoja."

Kwangu mimi kisa chote kiko kwenye maneno hayo. Siku anayoihesabu kuwa imepotea ndiyo siku pekee, katika wiki zote zile, aliyofanya kazi ya meneja mradi tangu asubuhi hadi jioni. Na aliifanya vizuri mno. Hakumgombeza mkandarasi, ambaye hakuwa na kosa. Hakuandika barua pepe ndefu yenye nakala kwa wakubwa. Alilifuata jambo kutoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka akafika lilipokwama, na alipofika hapo hakumwaibisha mtu. Uwezo anao. Lakini moyo wake uliiandika siku hiyo kwenye safu ya hasara.

Basi swali alilolileta halikuwa swali lenyewe. Kama ataiweza kazi, hilo lilishajibiwa na hati ya malipo. Lililobaki ni kama ataweza kuishi na siku za namna ile zikiwa ndizo siku zake za kawaida, wala si tukio la bahati mbaya la wiki ya 8.

Kwa nini mafundi hukosea hapa

Ukiitazama taaluma hii kwa nje, inafanana na hesabu. Kuna chati ya Gantt, mchoro unaoonyesha kila kazi inaanza lini na inaisha lini, iliyopewa jina la Henry Gantt wa Marekani ingawa Karol Adamiecki wa Poland alishachora kitu cha namna hiyo tangu 1896. Kuna mbinu ya kutafuta mnyororo wa kazi ambao ukichelewa kiungo kimoja mradi mzima unachelewa. Ilitengenezwa mwaka 1957 na kampuni za DuPont na Remington Rand, na mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likaja na ndugu yake, PERT, kwa ajili ya makombora ya Polaris. Vitu hivi vinampendeza mtu mwenye akili ya mitambo. Vina mishale, vina tarehe, vina jibu sahihi.

Rafiki yetu aliichora chati ya uhamisho wa seva baada ya mradi kuisha, kwa kujifurahisha tu, na ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuziona. Lakini hakuna mshale hata mmoja ndani yake ungeonyesha hati ya malipo iliyobanwa katika faili lisilo lake. Chati inakuambia mtambo unatakiwa wiki ya 7. Haikuambii kwamba mwenye sahihi na mkuu wa fedha hawapitiani ofisini tangu walipokosana.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi kwa mtu aliyezoea kuaminika kwa ujuzi wake: meneja mradi huwajibika kwa kazi za watu ambao si wake. Mafundi wana bosi wao, fedha wana bosi wao, mkandarasi ana mkataba wake. Wewe una ratiba na mdomo. Kuna mahali niliwahi kupewa cheo hicho bila hata karatasi moja inayosema ninaweza kuamua nini, na mambo yalipoharibika, karatasi ya kunilaumu ilipatikana siku hiyohiyo. Tangu hapo sikubali kazi ya mradi kabla sijaona kwa maandishi mpaka wa uamuzi wangu uko wapi, na hilo ndilo la kwanza ninalomwambia yeyote anayeniuliza habari za kuhama.

Kulikuwa na mwenzake kazini, mwandishi wa programu, aliyemwambia asijisumbue kwa sababu mameneja miradi wanatoweka. Siku hizi ni Scrum, utaratibu wa timu kujipangia kazi yenyewe kwa awamu fupi fupi. Kuna ukweli kidogo hapo. Ilani ya Agile, tamko la kufanya kazi kidogo kidogo na kukubali mabadiliko njiani, iliandikwa mwaka 2001 na watu 17 wa fani ya programu, na mwongozo wa Scrum wa 2020 unataja majukumu matatu tu: mwenye bidhaa, Scrum Master (anayesimamia utaratibu wenyewe) na watengenezaji. Meneja mradi hatajwi. Lakini cheo kikitoweka, kazi yake haitoweki. Katika taasisi ya namna hiyo mtu mwingine angeitafuta ile hati, au mtambo ungebaki ghalani.

Cheti

Hapa sitakaa sana, ingawa ndipo wengi wanapoanzia. PMP hutolewa na PMI, taasisi ya fani ya usimamizi wa miradi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, nayo si cheti cha kuingilia kazini. Kwa mwenye shahada ya miaka minne, kigezo kilichozoeleka ni miezi 36 ya kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo, ndipo uruhusiwe kufanya mtihani. Ukifaulu, kila miaka 3 unahuisha kwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza. Yeye alikuwa na saa 35 mkononi na miezi isiyotimia mitatu. Kozi haikuwa upotevu, ila ilikuja kabla ya wakati wake, kama mtu aliyenunua kofia ngumu kabla ya kujua kama ataajiriwa mjengoni.

Kwa anayeanza kuna CAPM, cheti kidogo cha PMI hiyohiyo, inayotaka saa 23 za mafunzo bila uzoefu, na kuna ngazi ya msingi ya PRINCE2, mfumo wa kusimamia miradi uliotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 1996. Zote mbili hukupa lugha ya fani. Hakuna inayokuambia kama utaipenda.

Jaribio

Nilimshauri asiseme ndiyo wala hapana. Aombe mradi mmoja mdogo, na uamuzi usubiri hadi uishe. Masharti niliyompa yalikuwa matatu. Bosi aandike ukurasa mmoja wenye jina lake, tarehe za mradi, na kiwango cha fedha na siku anachoweza kuamua bila kuomba ruhusa. Yeye asiguse kifaa chochote kwa mkono wake. Na kila jioni aandike mistari miwili: amefanya nini, kisha neno moja kati ya mawili, "nimepata" au "nimepoteza".

Sharti la pili lilimchekesha. Wiki ya 3 halikuwa linamchekesha tena.

Bosi alikubali, kwa mshangao wetu sote. Mradi ulikuwa wa kubadilisha vifaa vya Wi-Fi vilivyochakaa katika matawi 3, mafundi 2, wiki 8.

Kosa la kwanza lilikuwa la makadirio. Alimuuliza fundi kijana kazi ya tawi moja itachukua siku ngapi. Kijana akasema 4. Yeye alijua kwamba kwa mikono yake ni siku 2, akaandika 2. "Nilidhani anajihami." Tawi la kwanza likachukua siku 5. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza jambo la jirani na hili mwaka 1979: tunapokadiria, tunaiwazia kazi ikienda bila kikwazo, badala ya kuangalia kazi za namna hiyo zilichukua muda gani huko nyuma. Ila kosa lake lilikuwa na tabaka la juu yake. Alipanga kwa mikono yake kazi itakayofanywa na mikono ya mwingine. Na kosa hili nimeliona zaidi kwa mafundi bora kuliko kwa wa kawaida, kwa sababu fundi wa kawaida anakumbuka bado jinsi kazi ilivyokuwa ngumu.

Kosa la pili lilifuata kutoka la kwanza. Ratiba imechelewa, tawi la pili linasubiri, na yeye anajua kuseti vifaa vile akiwa amefumba macho. Jumamosi ya wiki ya 3 akaenda mwenyewe. Saa 3 tu, kazi imekwisha. Daftari la jioni hiyo lina neno "nimepata" lenye alama mbili za mshangao.

Jumatatu kijana akafika, akakuta kazi yake imefanywa. Hakusema kitu. Na ndilo lililoharibika: aliacha kusema. Mpaka hapo alikuwa anampa taarifa kila kinapokwama kitu; sasa akawa anasubiri aulizwe, na akiulizwa anajibu "inaendelea". Wiki ya 4, Jumanne, msambazaji alimwambia kijana kwamba mzigo wa tawi la tatu umesogezwa mbele siku 6. Dada yetu alizipata habari hizo Jumatatu ya wiki ya 5, na kutoka kwa msambazaji mwenyewe. Siku 6 za kujipanga zilipotea pale, na ukizitafuta chanzo chake unafika kwenye zile saa 3 za Jumamosi.

Alinipigia akiwa amekasirika, na hasira ilikuwa kwa kijana. Nikamuuliza nani alianza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataongea naye. Alichomwambia kijana ni kifupi: "Samahani mdogo wangu, ile kazi ilikuwa yako." Halafu akabadilisha swali lake la kila asubuhi. Badala ya "umemaliza?" likawa "wiki hii nini kinaweza kutukwamisha?" Swali la kwanza lina jibu moja tu salama. La pili linamfanya kijana awe mwerevu kwa kutaja tatizo. Hilo hakulipata kwangu, alilibuni mwenyewe, na ninakiri nimeliiba.

Kosa la tatu lilikuwa la neno moja. Meneja wa tawi la tatu alitaka Wi-Fi ifike na kwenye ghala la nyuma, ambalo halikuwemo katika mradi. Yeye akamjibu, "Tutaangalia." Kwa fundi, hilo ni jibu la kweli: anakwenda kuangalia. Kwa meneja wa tawi, mtu aliyeomba akajibiwa "tutaangalia" amekubaliwa, kilichobaki ni siku. Baada ya wiki moja alishawatangazia watu wake. Ikabidi dada arudi na ukurasa mmoja: kazi inayoongezeka ni hii, siku zinazoongezeka ni 4, vifaa vya ziada ni hivi, na anayetakiwa kuridhia gharama ni wewe, weka sahihi hapa. Meneja wa tawi akausoma, akasema ghala linaweza kusubiri. Hakukuwa na ugomvi. Nilimwambia aufute msamiati ule kabisa katika kazi hii. Kama hujakubali, sema "sijakubali bado, nitakujibu Alhamisi," na Alhamisi ujibu.

Lililonifanya nibadili mawazo juu yake lilikuja wiki ya 6. Bosi, kwa nia njema, alijitolea kumwongezea mafundi 2 ili kufidia muda. Wengi wangeshukuru na kupokea. Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni wanahitaji kufundishwa na walewale walioelemewa, na njia za mawasiliano huongezeka haraka: watu 3 wana jozi 3 za kuongea, watu 5 wana jozi 10. Yeye hakuwa amemsoma Brooks. Alikaa tu akaigawa kazi iliyobaki mafungu mawili. Kufunga vifaa darini kunagawanyika, kila mtu na dari yake. Kuseti hakugawanyiki, maana mipangilio yote inapita kwa mtu mmoja. Akapokea fundi mmoja, wa darini, akamrudisha wa pili kwa shukrani. Hiyo ni akili ya umeneja, na haikumjia kutoka kwenye kozi.

Mradi uliisha wiki ya 9, wiki moja nyuma, ndani ya bajeti.

Daftari

Tulilifungua pamoja. Ukiacha ile Jumamosi, lilikuwa na siku 45 za kazi. Wiki 3 za kwanza, katika siku 15, "nimepoteza" iliandikwa mara 11. Wiki 3 za mwisho iliandikwa mara 5. Mtu mwenye haraka angesema basi, amezoea, ahame. Mimi nilitaka kujua hizo 5 zilikuwa siku zipi. Zote zilikuwa siku za kuandika ripoti.

Hili si dogo, na sikumficha. Siku za kufuatilia sahihi alizizoea, hata akaanza kuzionea fahari. Vikao alivistahimili. Lakini maandishi yanamchosha, na kadiri mradi unavyokua ndivyo maandishi yanavyoongezeka: taarifa ya wiki, rejesta ya vihatarishi, kumbukumbu za maamuzi, maelezo kwa wanaotoa fedha. Kuna mameneja wanaoishi miaka mingi wakiyachukia hayo na wakiyafanya. Mimi ni mmoja wao.

Tulizungumza pia juu ya njia ambayo hakuna aliyeitaja mwanzoni. Katika taasisi ileile kulikuwa na nafasi ya fundi mwandamizi, anayesanifu mitandao badala ya kuikarabati, na hakuwa ameifikiria kwa sababu kichwani mwake kupanda ni kuongoza watu. Mwaka 1969 Laurence Peter alieleza jinsi watu wanavyopandishwa kwa kuwa wazuri katika kazi waliyonayo, mpaka wafike kwenye ile wasiyoiweza na wabaki hapo. Kama daftari lingeonyesha mara 11 mwanzo na mara 11 mwisho, ningemsukuma kuelekea usanifu bila kusita, na pengine angelala vizuri zaidi.

Uamuzi, na tulipotofautiana

Ushauri wangu ulikuwa: hama, lakini hama kabisa. Aombe vitu vitatu kwa maandishi, yaani mamlaka yanayojulikana, kutokuwemo kwenye zamu za dharura, na haki ya kurudi kwenye ufundi ndani ya miezi 6 kama haikumfaa.

Bosi akaja na lake: nusu kwa nusu. Nusu ya muda meneja mradi, nusu fundi, zamu za dharura ziendelee ila zipungue, mshahara uangaliwe baada ya miezi 6.

Nilipinga. Kifaa kilichokufa kinapiga kelele, ratiba iliyochelewa inakaa kimya, na mtu mwenye vyote viwili atakimbilia kelele kila siku. Tena bosi atakuwa amepata meneja mradi kwa bei ya fundi. Nilimkumbusha Jumamosi ya wiki ya 3.

Jibu lake nalinukuu kwa sababu limenikaa: "Kaka, wewe unaniambia niruke. Mimi nataka kuvuka." Akaeleza. Katika mitandao, mtu akikaa mwaka mzima bila kushika kifaa, njia ya kurudi inajiziba yenyewe, hata kama barua inasema haki ya kurudi ipo. Miezi ya kuongoza miradi itahesabika awe na cheo kizima au nusu. Na kuhusu Jumamosi ile, alikuwa na sharti ambalo mimi sikulifikiria: miradi atakayosimamia isihusu vifaa vya kitengo chake mwenyewe. Akisimamia ukarabati wa ofisi au ununuzi wa mfumo wa uhasibu, hata akitaka kushika hawezi.

Hiyo hoja ya mwisho iliniacha bila neno. Bado naona ameuza bei rahisi, na miezi 6 ya "tutaangalia mshahara" inanipa mashaka, hasa baada ya yote tuliyosema juu ya neno hilo. Lakini zamu zimeshuka kutoka wiki 1 kati ya 2 hadi wiki 1 kati ya 4, ukurasa wa mamlaka umesainiwa, na tarehe ya mapitio imeandikwa humo kwa siku na mwezi. Akasaini.

Jioni yake akaniuliza jambo moja zaidi: ule uhamisho wa seva, ambao hakuwahi kuteuliwa rasmi, unahesabika kwenye ile miezi 36? Nikamwambia kinachoangaliwa ni kazi uliyoongoza, si jina la cheo, ila PMI huwa inachagua baadhi ya maombi na kuyakagua, na hapo anahitajika mtu wa kuthibitisha. Aandike tarehe sasa, na amtafute shahidi kabla watu hawajasahau.

Akanijibu kwamba mkuu wa fedha bado anazo nakala zote za ile karatasi ya Excel, Ijumaa kwa Ijumaa, tangu wiki ya 6.